Mtoro na Mkimbizi

Kiswahili kina maneno mawili ya kumtaja mtu aliyekimbia. Mkimbizi huhurumiwa, mtoro husakwa. Siku hizi mtoro ni mwanafunzi anayekwepa masomo, lakini katika karne ya 19 watu wa pwani walimwita hivyo mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Je, tofauti hiyo imo katika tendo la mkimbiaji, au imo kinywani mwa anayemtaja?

Mjadala huu ulizuka nyumbani kwetu baada ya kwenda Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, familia nzima, kutwa moja, kutazama makanisa ya kale. Watoto waliifurahia zaidi minazi na misitu ya kaya, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wamijikenda husimulia kwamba babu zao walikimbia kutoka Shungwaya, ambayo baadhi ya wataalamu huiweka karibu na Burgao, alikozaliwa bibi yangu. Bibi alisita mlangoni, akauliza kama yafaa Mwislamu kuingia. Alipoambiwa kwamba jengo lile la zamani sasa ni makumbusho, akaingia. (Nadhani angeingia tu, jua lilikuwa kali.)

Wanafunzi wa Kiswahili twaijua Rabai kwa ajili ya Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walioanzisha misheni pale mwaka 1846. Kwangu mimi, yaliyotokea miaka ya 1880 ni mazito zaidi. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, wakajenga vibanda vyao kati ya waumini. Mmoja wa viongozi wa kituo alikuwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kulelewa na wamisheni huko India. Wakubwa wa misheni hawakutaka watoro wahifadhiwe, kwa kuogopa ugomvi na mabwana wa Mombasa. Watoro wakahifadhiwa. Mabwana walipowadai watu wao mwaka 1888, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alipatana nao: wao walipwe fidia, watoro wapewe hati za uhuru. Hati takriban 1400 zilitolewa Rabai tarehe 1 Januari 1889.

Ami aliiona fidia ile kuwa ni haki. Sheria ya wakati ule ilitambua umiliki, na aliyenunua kwa fedha yake hapaswi kupata hasara kwa sababu tu jirani amefungua mlango. Hoja hii si ya kupuuzwa. Anayeitupa haraka aeleze kwanza ni sheria ipi ya leo ambayo yuko tayari kuivunja.

Bibi alimuuliza, "Na sisi tulipopanda mashua Burgao, tulimlipa nani?"

"Sisi hatukuwa mali ya mtu, mama."

"Nao pia."

Naona bibi alifika penyewe. Fidia hukubali kwanza kwamba palikuwa na mali, ndipo ikailipia. Simlaumu Mackenzie: kungoja hoja safi kungewarudisha watu mashambani, na mwenye minyororo hana anasa ya kuchagua hoja. Lakini hati iliyomwacha mtu huru ilikuwa pia stakabadhi ya bei yake. Bwana alilipwa kwa hasara yake. Mtumwa hakulipwa hata siku moja ya kazi. Kama palikuwa na deni, lilikuwa upande wa pili. Jones, kwa kuacha mlango wazi, alikanusha umiliki wenyewe, jambo ambalo mapatano hayakuthubutu kulifanya.

Lipo jambo ambalo ami hapendi litajwe, nami nalitaja. Sisi watu wa pwani ya Kismayu hatuwezi kuisimulia Rabai kana kwamba ni habari ya Mombasa peke yake. Kwetu pia walikuwapo watumwa, na kwetu pia walikuwapo watoro: walipenya hadi misitu ya Mto Juba, wakaanzisha vijiji vyao katika nchi iliyoitwa Gosha, ambako mabwana hawakuweza kuwafuata. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza wajukuu zao kutoka mtoni, vikatufukuza sisi kutoka visiwani. Wabajuni wengi walifikia kambi ya Jomvu, si mbali na vilima vya Rabai. Wengi wa watu wa Gosha walipelekwa Dadaab. Wote waliandikishwa kwa neno moja, wakimbizi.