Mwanangu, Usiyasugue Yale Mawe

Kaa hapo mkekani, na hiyo ndoo ya samaki waliokufa iache nje, nimeshaiona. Kitatange wawili, tasi watatu, na yule chewa mdogo uliyekuwa ukimsifia kwa kila mgeni. Usiniapie kwamba kuna mtu kakutilia sumu. Si wewe wa kwanza kuja hapa na ndoo ya namna hiyo, na kila ajaye huanza na habari za hasidi.

Tangi lako la kioo lilikuwa la lita 100, na samaki walikaa humo wakanenepa. Ukaliona dogo, halipendezi mbele ya wageni. Fundi akakujengea la saruji lenye kioo upande mmoja, lita 800, nawe ukahamisha kila kitu kwa siku moja. Halafu, kwa kuwa nafasi imepatikana, ukanunua na wengine kwa wavuvi. Ukubwa haukuwaua. Maji mengi humsitiri samaki kuliko machache: joto halirukiruki, na uchafu huchelewa kukolea. Tatizo ni vile ulivyohama.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Baharini haimdhuru, inachukuliwa na maji. Ukienda Mnarani, kule Nungwi, utaona kasa wamewekwa kwenye bwawa la asili katikati ya miamba, na kazi ya kuwasafishia inafanywa na maji kujaa na kupwa. Tangi lako halijai wala halipwi. Humo kazi hiyo wanaifanya bakteria. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwamba ni makundi mawili: la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Bakteria hao hung'ang'ania juu ya vitu: mawe, mchanga, sponji ya chujio. Ndani ya maji yenyewe ni wachache mno.

Sasa wewe ulifanya nini? Ulijitahidi kubeba maji ya zamani yote, ndoo baada ya ndoo, na mawe ukayasugua kwa brashi chini ya bomba mpaka yakang'aa. Maji ya bomba yana klorini, ambayo imewekwa ili iue vijidudu. Sponji ukaiona chafu, ukaitupa. Kwa hiyo ulihamisha kisichokuwa na faida, na waliokuwa wakiwaweka samaki wako hai ukawaua kwa mkono wako, kwa nia njema kabisa ya usafi.

Na saruji ile ilikuwa mbichi. Saruji mbichi hutoa chokaa, na chokaa huongeza ualkali wa maji. Maji ya bahari tayari ni ya alkali, pH yake 8 na kidogo, na amonia ileile katika maji hayo huwa kali zaidi ya mara kumi kuliko katika maji yenye pH ya 7. Ukipandisha tena kwa chokaa, hata amonia kidogo inatosha kuzika.

Kifo cha samaki kina saa yake, na anayeijua saa hahitaji kutafuta mchawi. Wakifa ndani ya saa chache, tazama chumvi, joto, klorini, au namna walivyovuliwa, maana wapo wanaovua kwa utupa mpaka leo. Wakifa alfajiri huku wakihema juu ya maji, ni hewa. Maji ya chumvi yenye joto hushika oksijeni kidogo, na umeme ukikatika usiku pampu nayo inalala. Wakifa siku ile ile mchanga wa zamani ulipotibuliwa, ukanuka kama tope jeusi la mikoko, ni hidrojeni salfaidi. Wakianza kutokwa na vidoa vyeupe mwilini baada ya wiki moja au mbili, ni maradhi yaliyopata nafasi kwa sababu ya taabu ya safari. Wako wameanza kufa siku ya tatu, wakihema haraka, mmoja mmoja, kitatange kwanza na kikande wakabaki. Hiyo ni amonia.

Nasikia kuna aliyekushauri ukoroge chumvi ya mashamba ya Nunge upate maji ya bahari. Mwambie akapikie. Chumvi inapoganda kule mashambani, yale maji machungu yanayobaki humwagwa, na humo ndimo imo sehemu kubwa ya magnesiamu. Bahari iko mlangoni kwako, ichote. Lakini usichote masika, mto Ruvu unapomwaga tope kaskazini ya mji wetu. Wala usichote ufukweni penye mashua na mafuta. Ngoja bamvua, maji yakiwa yamejaa, toka na ngalawa mbele kidogo.

Hao kikande warudishe leo kwenye kioo cha zamani, kwa maji mapya ya bahari na hewa ya pampu. Badili theluthi ya maji kila siku, na chakula uwape kwa kubana sana. La saruji lijaze, limwage, lijaze tena, kwa wiki kadhaa, mpaka pH itulie ilipo ya bahari. Kisha tia mawe na chujio, utupie kamba mmoja aoze humo bila samaki yeyote. Mawe yawe vipande vya tumbawe lililokwisha kufa, na uulize kwanza ofisi ya uvuvi. Tumbawe lililo hai usiliguse. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita: amonia itapanda, ishuke, nitriti ipande, nayo ishuke. Wafugaji wa mwatiko huacha chini ya bwawa kuote utando wa mwani kabla ya kutia vifaranga, na mwatiko ni samaki anayevumilia hata maji yasiyo na chumvi. Kitatange wako hana uvumilivu huo, na wewe hukumpa hata wiki moja.

Najua wageni wanakuja Julai na unataka tangi lijae. Watazame mawe. Nunua vipimo vya amonia na nitriti Dar es Salaam. Kama ulipata fedha ya kioo kile, hiyo nayo itapatikana. Usitie samaki mpaka vyote viwili visome sifuri, na hata hapo tia mmoja, usubiri, upime tena kabla ya wa pili.