Ngoto ya Ilhamu

Mtunzi anapoulizwa utunzi wake umetoka wapi, aghalabu hutazama juu. Husema umemjia, umemshukia, ameamka usingizini akaukuta. Washairi wa mwambao wameizoea kauli hiyo, nasi wasomaji wao tumeizoea pia. Wala hapana ubaya ndani yake, kwani kila aliyewahi kusaka kina kikamkataa usiku kucha, kisha kikamjia alfajiri bila ya kuitwa, anajua kwamba kutunga si hesabu za dukani. Lakini kauli hiyo ina hila moja. Kinachoshuka kutoka juu hakidaiwi na mtu wa chini. Aliyepewa na mbingu hana jirani wa kumshukuru. Swali la makala haya, basi, ni hili: je, ilhamu ina mwenyewe? Na ikiwa inaye, mtunzi anadaiwa nini?

Natulitazame swali hili kwa njia ya fani ambayo kwetu ni ngeni kidogo, nayo ni baleti: ngoma ya jukwaani iliyolelewa katika makasri na kumbi za Ulaya, isimuliayo kisa kwa viungo vya mwili na kwa muziki, pasi na neno. Nimeichagua kwa sababu hiyo hiyo kwamba neno halimo. Mshairi akichukua mshororo wa mwenziwe, wajuzi watamkamata kwa maneno yenyewe. Mchezaji akichukua namna mtu anavyobeba bega lake, nani atamkamata, na kwa ushahidi gani?

Mahali pa kulipima jambo hili ni Bigwa. Hii ni kata ya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pale inapoanzia barabara iendayo Matombo na Kisaki. Wanawake huteremka kutoka milimani kwenda sokoni, vichwani wamejitwika ndizi na mboga. Mteremko ni mkali na mzigo hautaki kuyumba. Kwa hiyo shingo husimama kama mlingoti, magoti hulegea, na wayo huijaribu ardhi kabla ya kuikanyaga. Mtunzi wa baleti akiuona mwendo huo atasema amepata hazina, na atakuwa amesema kweli. Lakini hazina hiyo haikuokotwa njiani. Ni kazi ya vizazi vya miguu iliyofundishwa na mlima. Muziki nao haukosi. Morogoro ndio mji wa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, ndio mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Na kabla ya magitaa hayo, na baada yake, zipo ngoma za vijiji vya milimani.

Katika ngoma hizo ipo ya mwali. Miongoni mwa Waluguru, kama ilivyo kwa majirani zao Wazaramo na Wakwere, binti aliyevunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, kisha hutolewa hadharani kwa ngoma na vifijo. Zamani kukaa ndani kuliweza kuchukua miezi mingi. Na kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama, ardhi na jina vikipita kwa wanawake, siku ya kutolewa mwali si furaha ya msichana peke yake. Ni ukoo mzima unaotangaza kwamba haujakatika. Sisemi kuwa kila lililokuwamo lilikuwa jema. Kukaa ndani kuliwahi kuwakosesha mabinti shule, na wazazi wengi wamekupunguza au wamekuacha kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba ngoma ile ina kazi, na kazi hiyo ina wenyewe.

Sasa tuchukulie kwamba kijana aliyesomea sanaa, hapa nchini au ng'ambo, anatunga baleti mpya juu ya mwali. Anachukua hatua za wachukuzi wa ndizi, mapigo ya ngoma za usiku na ukimya wa chumba alimofundwa binti. Kazi inatoka nzuri, inaonyeshwa Dar es Salaam, inaalikwa Ulaya. Kule Bigwa hapana aliyeulizwa wala aliyeonyeshwa. Je, ametenda haki?

Mfano huu nimeutunga, lakini jambo lenyewe limekwisha kutokea, na katika mojawapo ya baleti mashuhuri za karne ya 20. Tarehe 29 Mei 1913, mjini Paris, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Le Sacre du printemps, muziki ukiwa wa Mrusi Igor Stravinsky na uchezaji ukiwa umepangwa na Vaslav Nijinsky. Watazamaji walizomea na kupiga makelele hata wachezaji wakapata taabu kuusikia muziki. Kisa chake ni cha ibada ya kale: wazee wamekaa duara wanamtazama msichana aliyeteuliwa, naye anacheza mpaka anakufa, awe kafara ya majira mapya. Stravinsky alieleza baadaye kwamba picha hiyo ilimjia mwaka 1910, alipokuwa akimalizia baleti nyingine. Na uzeeni alijieleza kuwa ni chombo tu ambacho kazi ile ilipitia. Hii ndiyo ile kauli ya kutazama juu.

Walakini muziki ule ulikuwa na njia nyingine ya kuja. Sauti ya zumari nene inayoufungua imetoka katika wimbo wa watu wa Lithuania, uliochapwa katika mkusanyo wa nyimbo zao mwaka 1900. Stravinsky aliukubali wimbo huo mmoja tu. Wataalamu waliofuata, wakiongozwa na Lawrence Morton na Richard Taruskin, walionyesha kwamba nyimbo za watu alizozitumia zilikuwa zaidi ya huo mmoja. Hakuna atakayesema kwamba kazi ile kwa hivyo si kubwa. Ni kubwa, na aliyoyafanya kwa nyimbo zile hayakuwahi kufanywa na mtu kabla yake. Ila pale penye deni aliweka ndoto. Tena litazame tofauti hili, msomaji: binti wa jukwaa la Paris anacheza mpaka afe, na mwali wa Uluguru anachezewa kwa sababu amekua na ataishi. Aliyeibuni ibada kwa mbali aliijaza mauti. Walioishi nayo waliijaza uzazi. Anayechukua bila ya kuuliza hupungukiwa na adabu, na mara nyingi hupungukiwa na maana pia.

Hapa mwenye hoja atasimama kutoka visiwani kwetu na kuniuliza: na taarab je? Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri. Siti binti Saad akaivika Kiswahili, akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Je, tulimwibia mtu wa Kairo? Na Hamziya aliyoitia Sayyid Aidarus katika Kiswahili cha kale, si ya al-Busiri? Hoja hii ni nzito, na anayeidharau hajui historia ya bahari. Sanaa husafiri. Ikizuiwa hufa, na utamaduni unaojifungia mlango hauna tofauti na maji ya kwenye mtungi uliosahauliwa.

Lakini tuzitazame hizo safari mbili vizuri. Hamziya ilipovuka, jina la al-Busiri lilivuka nayo. Hakuna msomi wa mwambao aliyelifuta. Udi na kanuni mpaka leo vinaitwa kwa majina yaliyokuja navyo. Tena muziki wa Kairo ulikuwa muziki wa baraza, umetungwa ili usikilizwe na yeyote mwenye masikio. Ngoma ya mwali haikutungwa kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo tofauti haiko katika kuchukua na kutochukua. Iko katika kilichowekwa barazani na kilichowekwa chumbani, na katika jina lililotajwa na jina lililozikwa.

Taifa letu lenyewe limewahi kukutana na mtihani huu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na katika miaka iliyofuata kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Nia ilikuwa njema: kumrudishia Mwafrika heshima ya ngoma zake baada ya kufundishwa kuzidharau. Sindimba ya Wamakonde, iliyofungamana na mafunzo ya jando na unyago, ikapanda jukwaani, ikafupishwa, ikageuzwa uso iwatazame wageni wa heshima, ikaenea mashuleni nchi nzima. Watu wengi waliijua kwa nyonga. Wachache waliijua kwa mafunzo. Baadaye kazi ya kufundisha ngoma za makabila ikashikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981 na kugeuzwa kuwa TaSUBa mwaka 2007. Nchi ilipata ngoma ya taifa, na heshima yake haikuwa ndogo. Lakini mwenye ngoma alibaki mtazamaji wa mali yake.

Kinyume chake tunaye Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Alikuwa mwimbaji wa taarab na tena mjuzi wa unyago, na ngoma yake ya msondo aliipiga mbele ya mataifa. Wapo waliomlaumu kwamba amefichua. Mimi naona alijua mpaka ulipo. Mapigo aliyatoa nje, na mafunzo ya binti yalibaki pale yanapotolewa. Tena aliyeyatoa alikuwa ni yeye mwenyewe, mwenye haki ya kutoa, si mpita njia aliyechungulia dirishani.

Kwa hakika Waluguru wenyewe walikuwa na sheria inayoweza kutufaa. Ardhi ya milimani ilikuwa ya ukoo, nao wauita lukolo. Mgeni aliyehitaji shamba hakukatazwa. Alipewa akalima, akala jasho lake. Ila alipaswa kumpelekea mkuu wa ukoo kitu kidogo katika mavuno, nacho kiliitwa ngoto. Thamani ya ngoto haikuwa katika wingi wake. Mgeni alikuwa akisema kwa mkono wake: nakula hapa, lakini nakumbuka pana mwenyewe. Asiyeitoa hakuwa mwizi wa mahindi. Alikuwa mwizi wa kumbukumbu.

Wazo hilo halijafa. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Mwishoni mwa muongo wa 2000 ulikuwapo mpango ambamo shirika la maji la Dar es Salaam lilichangia malipo kwa wakulima wa Kibungo Juu, huko huko milimani, ili walime kwa njia inayoutunza udongo na mto. Mnywaji wa bondeni alikubali kwamba maji ya bomba hayazaliwi na bomba. Ikiwa maji yanaweza kulipiwa shukrani, kwa nini mwendo, mapigo na wimbo visiweze?

Basi mtunzi wetu wa baleti na atunge, tena atunge kwa uhuru, lakini alipe ngoto. Aulize kabla ya kuchukua, na awe tayari kukubali jibu la hapana. Alitaje jina la mahali na la ngoma, katika karatasi ya onyesho na katika kinywa chake anaposifiwa. Kile alichoambiwa kuwa ni cha chumbani, akiache chumbani, hata kama kingempatia makofi. Na onyesho la kwanza alipeleke Bigwa, mbele ya wale waliomfundisha kutembea, wamhukumu kwa lugha yao. Wakicheka pasipo pa kuchekwa, atakuwa amejifunza jambo ambalo Paris haiwezi kumfundisha.

Ilhamu hushuka, sikatai. Mvua nayo hushuka kutoka mbinguni, na hapana mtu aliyeitengeneza. Lakini maji tunayokunywa yamepita mlimani kwanza, na mlimani pana watu.