Pasaka Makaburini Alfajiri

Ibada ya Pasaka ya alfajiri inayofanyika nje ya kanisa, kama Waprotestanti wanavyoijua leo, ilianzia Herrnhut, kijiji cha Saxony nchini Ujerumani, mwaka 1732. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Vijana wa kiume wasiooa walipanda kilima cha Hutberg kungali giza, wakaimba kati ya makaburi. Mwaka uliofuata ushirika mzima ukaenda pamoja nao. Kukutana alfajiri halikuwa jambo geni kwa Wakristo: mnamo mwaka 112 hivi, gavana Mroma Pliny alimwarifu Kaisari Trajan kwamba walikusanyika kabla ya mapambazuko wakimwimbia Kristo.

Huko Salem, North Carolina, nchini Marekani, Wamoraviani, warithi wa ushirika wa Herrnhut, wamefanya ibada hii tangu 1772. Jumamosi ndugu wa marehemu huosha mawe ya makaburi na kuweka maua. Mawe yenyewe ni bapa na yanalingana, ya tajiri na ya fukara, na watu huzikwa kwa makundi ya umri, jinsia na ndoa, si kwa koo. Ibada huanza mbele ya kanisa gizani, kisha waumini huandamana kwenda makaburini huku tarumbeta zikiitikiana. Hukiri imani yao, halafu huomba wadumu katika ushirika na wale waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hapo ndipo uzito wa ibada ulipo. Mtu aliyemzika mwenzi wake miezi michache tu nyuma hukiri ufufuo akiwa amesimama kando ya kaburi lile lile, mahali ambapo maneno hayo ni magumu zaidi kutamka.

Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoraviani wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwao pia Pasaka hupambazukia makaburini.

Wahubiri wengi huchukua macheo kuwa mfano wa ufufuo. Mfano huo unavutia, lakini una kasoro kubwa: jua lililochomoza litazama jioni, ilhali Paulo anawaambia Warumi kwamba Kristo aliyefufuka hafi tena. Jua hufuata mzunguko wake. Ufufuo, kwa imani ya Kikristo, umevunja mzunguko.

Isitoshe, hakuna Injili inayosimulia dakika yenyewe ya kufufuka. Kwa Yohana, Mariamu Magdalene anafika kungali giza. Kwa Marko, wanawake wanafika jua limekwisha kuchomoza. Vyovyote vile, jambo limeshatendeka. Tena hawakuja kusherehekea chochote: Marko anasema walinunua manukato ya kumpaka maiti. Katika nakala za kale kabisa za Injili hiyo, habari inakatika wakiwa wanakimbia kwa hofu. Basi anayekuja makaburini na huzuni, au na mashaka, hajaingia ibada isiyo yake. Imani inayokiriwa pale inategemea ushuhuda, na Paulo hafichi hatari yake: anawaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yote ni bure.

Mahali pa ibada panatenganisha pia matumaini mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Katika Phaedo ya Plato, Socrates anakabili kifo kwa utulivu kwa sababu roho inaachana na mwili. Kama Wakristo wangeamini hivyo tu, wasingekuwa na haja ya kuosha mawe wala kuimba juu ya mifupa. Wanakwenda makaburini kwa sababu wanangoja ufufuo wa miili. Mwili huo utakuwaje, Paulo anaishia kwenye mfano wa mbegu, ambayo hupandwa ikiwa punje tupu na kuota ikiwa na umbo ambalo Mungu amelipenda.