Safari ya Marbella

Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati ule, aliingia katika kliniki binafsi huko Marbella, mji wa watalii ulio kwenye pwani ya kusini mwa Hispania. Hakuwa anaumwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atimize miaka 60, na alikwenda kunyonywa mafuta ya tumbo. Tarehe 23 ya mwezi huo alifariki. Nigeria ilikuwa tayari kwenye majonzi, kwani usiku wa kuamkia siku hiyo ndege ya shirika la Bellview ilikuwa imeanguka ikiwa na watu 117. Misiba miwili ikaliliwa kwa pamoja.

Kilichomuua kilikuja kuelezwa mahakamani huko Hispania, mwaka 2009. Mrija wa kunyonyea mafuta hutakiwa kupita katika tabaka la mafuta lililo kati ya ngozi na misuli. Wa kwake ulizama zaidi, ukaingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo mpana na kujeruhi ini. Alikufa siku mbili baada ya upasuaji. Daktari alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa uzembe uliosababisha kifo, akazuiwa kufanya kazi kwa miaka mitatu, na akaamriwa kumlipa mtoto wa marehemu fidia ya takriban euro 120,000.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Kila linapotokea jambo la namna hii huku kwetu, neno la kwanza midomoni mwa watu ni kwamba marehemu alifuata cha bei rahisi. Mama Stella hakufuata bei rahisi. Alikuwa na uwezo wa kulipia daktari yeyote, katika jiji lolote. Kwa hiyo anayedhani kwamba akiongeza dola elfu mbili juu ya bei ya kawaida atakuwa amenunua usalama, aisome habari hii mara mbili.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi huona kunyonya mafuta kama jambo dogo, kwa kuwa vidonda vyake ni vitundu tu na mtu huondoka kwa miguu yake. Lakini daktari haoni ncha ya mrija. Anaifuata kwa mkono wake wa pili alioulaza juu ya ngozi, akihisi inapopita. Mwanamke mwenye ngiri ya kitovu, au mwenye kovu la upasuaji wa kujifungua, ukuta wa tumbo lake unaweza kuwa na sehemu dhaifu, na ncha ikipapata hapo inapenya. Utumbo ukishatobolewa, uchafu wake huvuja tumboni polepole. Mgonjwa huamka salama, husalimia watu, pengine hupiga picha. Homa, tumbo kukaza na mapigo ya moyo kwenda mbio huja saa kadhaa baadaye, au kesho yake. Wakati huo aliyefanyiwa upasuaji mjini kwake yuko karibu na aliyemfanyia. Aliyesafiri yuko hotelini na panado.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka wasomaji walishike. Hatari ya kisu ipo Istanbul, ipo Mumbai, ipo Bangkok, na ipo Dar es Salaam. Miji hiyo ya nje ina mabingwa ambao sina neno dhidi ya mikono yao. Safari ndiyo inayozidisha hatari, kwa sababu inakutenga na daktari wako katika zile siku na wiki za mwanzo ambazo mambo huharibika. Bei uliyotajiwa inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mengi ya kulipiwa huanzia hapo.

Upasuaji unaovuta wengi sasa hivi ni wa shepu: mafuta yanatolewa tumboni na mgongoni, kisha yanadungwa makalioni. Mwaka 2017 kamati ya madaktari wa upasuaji wa urembo waliochunguza vifo vya aina hii ilitoa makadirio ya kifo kimoja katika kila watu 3,000, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko upasuaji mwingine wowote wa urembo. Sababu yake inaeleweka vizuri. Ndani na chini ya misuli ya makalio ipo mishipa mipana ya damu. Sindano ikizama hadi hapo na kuichana, mafuta huingia kwenye mkondo wa damu, hupanda hadi moyoni na kuziba mapafu. Mtu anaweza kufa akiwa bado mezani. Chama cha madaktari wa fani hiyo nchini Uingereza kiliwashauri wanachama wake mwaka 2018 waache kabisa kuufanya. Kilipolegeza mwaka 2022, kiliweka sharti kwamba mafuta yadungwe juu ya misuli tu, na daktari awe anaitazama sindano yake kwa mashine ya ultrasaundi muda wote.

Basi dada anayetaka shepu ana swali la kumuuliza daktari kabla hajatuma hata senti: mafuta unayaweka juu ya misuli au ndani yake, na unaiona ncha ya sindano kwa kifaa gani? Daktari wa kweli atajibu bila kuudhika. Wakala atakwambia, "Dada yangu, usiwe na wasiwasi, daktari wetu ni mzoefu." Hilo si jibu la swali ulilouliza.

Sasa ndege. Upasuaji wowote mkubwa huifanya damu igande kwa urahisi, na kukaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu huongeza hatari hiyo. Donge likijitengeneza mguuni linaweza kukatika na kwenda kwenye mapafu. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, anayevuta sigara, na mwenye uzito mkubwa wako karibu zaidi na balaa hili. Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inashauri kusubiri walau siku 10 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa tumbo au kifua. Kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam ni kama saa saba angani. Linganisha ushauri huo na kifurushi chochote kinachotangaza siku nne za hoteli na gari la kukupokea uwanjani, halafu ujiulize aliyezipanga siku hizo alikuwa akiufikiria mwili wako au chumba chake cha hoteli.

CDC hao hao walihesabu raia 93 wa Marekani waliokufa kati ya 2009 na 2022 baada ya kwenda kufanyiwa upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika peke yake. Katika miaka kumi ya mwanzo walikuwa wastani wa wanne kwa mwaka. Kuanzia 2019 wastani ukapanda hadi 13. Wengi wa wale ambao vifo vyao vilichunguzwa kwa kina waliuawa na mafuta yaliyoingia kwenye damu, au na damu iliyoganda.

Wapo pia wanaorudi salama na ugonjwa ukafuata baadaye. Mwaka 2013 na 2014 wanawake wa Marekani waliofanyiwa upasuaji katika Jamhuri hiyo hiyo ya Dominika walianza kuota majipu kwenye makovu wiki kadhaa baada ya kurejea. Alikuwa bakteria wa jamii moja na kifua kikuu, asiyesikia antibayotiki za kawaida, na tiba yake huchukua miezi. Mwaka 2023 waliokwenda Matamoros, mji wa Mexico ulio mpakani, walipata fangasi kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo kutokana na sindano ya ganzi ya mgongoni. Baadhi yao walikufa. Daktari wa nyumbani anayempokea mgonjwa wa hivi anafanya kazi gizani: hajui dawa zilizotumika, hajui vifaa vilichemshwaje, na karatasi alizoletewa, kama zipo, zimeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Tuhesabu fedha. Tuseme mwanamke mwenye duka la vitenge Kariakoo ametajiwa shilingi milioni 10, kila kitu ndani. Kila kitu maana yake ni daktari, chumba, hoteli na gari. Nauli ya mtu wa kumsindikiza haimo, na asiyeweza kuinama wala kubeba begi anamhitaji mtu. Nguo za kubana mwili atakazovaa kwa wiki kadhaa pengine hazimo. Siku za ziada za hoteli kidonda kikigoma kufunga hazimo, wala ada ya kubadilisha tiketi. Duka litafungwa au litaachiwa mtu mwingine karibu mwezi na nusu. Bima ya safari kwa kawaida hailipi madhara ya matibabu uliyoyafuata kwa hiari yako, na bima ya nyumbani haimjui mgonjwa wa urembo. Akilazwa chumba cha wagonjwa mahututi katika nchi ya watu, kila siku ina ankara yake, na ndugu zake Dar ndio watakaochangishana. Ikiwa zile milioni 10 zilitoka kikoba, marejesho hayamsubiri apone.

Kuna gharama nyingine inayoniuma zaidi, nayo ni siri. Wanawake wengi wanaokwenda huko huaga kwamba wanafuata mzigo Dubai au Guangzhou. Ninaelewa kwa nini. Jamii yetu inausifu mwili wa namna fulani mchana kutwa, kisha inamcheka aliyeugharamia. Lakini siri hiyo ina maana kwamba usiku homa ikipanda, hakuna nyumbani anayejua hospitali ni ipi, daktari ni nani, wala mtaa gani. Mama mzazi anapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, kwa lugha asiyoielewa, kuhusu upasuaji ambao hakuwahi kuusikia. Kama huwezi kumwambia kila mtu, mwambie dada yako mmoja au shangazi unayemwamini, na umwachie jina la hospitali, jina la daktari na namba zao za simu. Aibu ya kusemwa huisha.

Sikuandika haya ili kumhukumu anayetaka kubadilisha mwili wake. Ngozi iliyolegea baada ya uzazi, matiti mazito yanayouma mgongo, kovu la moto usoni: ni mizigo halisi, na upo upasuaji unaoipunguza. Huku nyumbani huduma hizi zimeanza. Hospitali ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza upasuaji wa urembo, ukiwemo wa kunyonya mafuta, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kurudi kliniki wiki ijayo, na mwezi ujao. Hiyo haina maana kwamba karibu ni salama siku zote. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kituo cha binafsi, na baraza linalosimamia madaktari wa Kenya likaamuru kituo kifungwe. Leseni ya daktari huulizwa popote: kwetu ni kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Uturuki, tangu 2017, hospitali na mawakala wanaohudumia wageni hutakiwa kuwa na hati maalumu ya Wizara ya Afya ya huko. Omba kuiona. Wakala asiyekutajia jina la daktari mpaka utume malipo ya awali, achana naye, hata kama amemhudumia msanii gani.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada la kusema kabla ya kisu. Makovu yetu huelekea zaidi kuvimba na kukua kupita kidonda kilipoishia, yale yanayoitwa keloidi. Kama sikio lako lilivimba ulipotobolewa, au kovu la chanjo lilinenepa, mwambie daktari mapema. Mwambie pia kuhusu selimundu katika ukoo.

Na haki ikikosekana? Mtoto wa Stella Obasanjo, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa nchi mama yake alipofariki, alisubiri karibu miaka minne kupata hukumu. Mtu wa kawaida atahitaji wakili wa huko, mkalimani, viza ya kwenda kusikiliza kesi, na mara nyingi atakutana na fomu aliyoisaini asubuhi ya upasuaji, akiwa na njaa na hofu, kwa lugha ambayo hakuisoma.

Kwa hiyo anayesafiri adai karatasi zake kabla hajalipa salio: maelezo ya upasuaji wenyewe, majina ya dawa za usingizi, vipimo vya damu, kiasi cha mafuta kilichotolewa, na namba ya kila kipandikizi kilichobaki mwilini, vyote kwa Kiingereza au lugha ambayo daktari wa nyumbani ataisoma. Kabla ya kuondoka awe ameshazungumza na daktari huyo wa nyumbani na kukubaliwa kwamba atampokea akirudi. Na akishuka uwanjani, ampitie kwanza huyo, hata kama hajisikii vibaya. Maumivu ya mguu mmoja uliovimba, kubanwa kifua, kuhema kwa shida, au homa iliyorudi baada ya kutulia ni mambo ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, na jambo la kwanza la kumwambia muuguzi wa mapokezi ni wapi ulikokuwa na ulifanyiwa nini.