Mkeka Mmoja wa Jumuiya

Mwaka 1982 kijana wa Chato aliripoti Shule ya Sekondari Sengerema kufundisha kemia na hisabati. Miaka 37 baadaye, akiwa Rais, John Magufuli aliisikia sauti ya mbunge wa Sengerema, William Ngeleja, ikimteta katika rekodi za simu.

Rekodi hizo zilivuja mwaka 2019. Walisikika pia wabunge January Makamba na Nape Nnauye, na Abdulrahman Kinana, katibu mkuu wa zamani wa chama tawala, CCM. Yalikuwa mazungumzo ya watu wanaoaminiana, na hapo ndipo yanapouma. Anayekutukana barabarani unamjua na unampisha. Anayekusema pembeni, jana alikula nawe sahani moja.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo Ngeleja na Makamba waliomba radhi, na Magufuli akatangaza hadharani kwamba amewasamehe. Kosa hakulipunguza: alisema walimtukana kweli, na kwamba alikwisha kujiridhisha kuwa sauti ni zao. Angeweza kuwafikisha kwenye vikao vya chama, wakapoteza hata ubunge. Lakini yeye Mkatoliki, aliyekuwa akisali kila siku na kuomba asamehewe, alieleza kuwa alilikumbuka fundisho la saba mara sabini. Tarehe 10 Septemba Nape naye akafika Ikulu kuomba radhi.

Wapo walioona siasa tupu. Hoja yao ina uzito, kwa sababu mbele ya mwenye rungu ni vigumu kujua kama magoti yamepigwa kwa toba au kwa hofu. Na si wote waliopata nafuu hiyo. Februari 2020 Kinana alipewa karipio na chama. Hata hivyo kosa lilitajwa kwa jina lake kwanza, ndipo likasamehewa. Wengi hukwama hapo. Husema "yameisha, hamna shida", kumbe donge liko pale pale.

Mtu wa kawaida wa Sengerema hana Ikulu. Ana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa maisha ya parokia tangu miaka ya 1970. Majirani husali nyumbani kwa mmoja wao: wiki hii kwako, wiki ijayo kwa yule aliyeeneza mwaloni kwamba biashara yako ya dagaa ina mkono wa mganga. Viatu vinaachwa mlangoni, vyako na vyake. Mkeka ni mmoja.

Na huko Usukumani neno la namna hiyo si umbea wa kupuuzwa. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Anayelisamehe neno kama hilo amebeba mzigo mzito, na imani haimzuii kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji likanushwe mbele ya watu.

Baba Yetu inapofika kwenye kusamehe, yupo mama aliyesemwa hivyo, ambaye sauti yake hukatika. Wenzake wanaendelea, yeye ananyamaza, anawadaka mbele. Wiki inapita, nyingine inapita. Kisha jioni moja anaitamka yote, polepole, wala hainamishi macho. Mwenye nyumba amesikia. Sala ikiisha anainuka, anachukua chupa ya chai, anaanza kwa kummiminia yule mama.