Ukarimu wa Mwalimu Mkali

Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yuko kijana anayesoma kwa jasho la wengine. Baba ameuza ng'ombe, mama ametoa akiba ya mavuno, shangazi amejinyima nguo mpya ili ada ipatikane. Siku ya kumaliza masomo jamaa hukusanyika, mbuzi huchinjwa, na kijana husifiwa na wote. Lakini hapo pana swali ambalo watu huona haya kuliuliza: je, elimu ile ni mali ya nani? Ni yake peke yake, aitumie apendavyo kwa kujipatia nyumba na gari? Au ina deni ndani yake? Na kama ina deni, deni hilo lalipwa namna gani?

Wahenga walisema, Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tulisikiapo neno hilo, wengi wetu hufikiri habari za fedha na chakula, na ni kweli mwenye njaa hashibi kwa maneno. Walakini juma hili twataka kuutazama ukarimu wa namna nyingine, usiotajwa sana. Ni ukarimu wa mtu ajuaye kazi, ambaye hutumia nguvu zake ili wengine waijue kama yeye, au hata wampite. Tusije tukasema maneno matupu, tutamkumbuka mtu mmoja, naye ni wakili wa Marekani, Charles Hamilton Houston. Aliishi mbali nasi. Lakini, kama tutakavyoona, matunda ya kazi yake yalivuka bahari yakafika hata Kenya.

Houston alizaliwa mjini Washington mwaka 1895. Babu yake alizaliwa utumwani; baba yake alikuwa wakili, na mama yake alikuwa mtengeneza nywele. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi huko Ufaransa, na huko aliona jinsi askari weusi walivyodharauliwa na askari weupe wa nchi yao wenyewe. Hapo akaazimu ya kwamba, akiokoka vitani, atasoma sheria ili awatetee wale wasioweza kujitetea. Akasoma Chuo Kikuu cha Harvard, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa miongoni mwa wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho. Mwaka 1924 aliingia katika ofisi ya baba yake. Mtu wa namna hiyo angaliweza kuishi kwa raha na heshima hadi uzee wake, wala hapana ambaye angalimlaumu.

Lakini aliitazama hali ya watu wake. Tangu mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikuwa imekubali ya kuwa weusi na weupe waweza kutengwa, mradi wapewe vitu vilivyo sawa. Kutengwa kulifanyika kila siku; usawa ulibaki katika karatasi. Shule za watoto weusi katika majimbo ya kusini zilikuwa vibanda, na mawakili weusi wa kuwatetea walikuwa wachache mno. Houston alitambua jambo ambalo wenye akili nyingi mara nyingi hawalitambui: ya kuwa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kusimama katika mahakama zote kwa siku moja. Haikutosha awe wakili mzuri. Ilipasa wapatikane mawakili wazuri wengi.

Kwa hiyo mwaka 1929 akakubali kuiongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, iliyofundisha hasa vijana weusi. Wengi wa wanafunzi wake walisoma jioni, baada ya kazi za mchana. Houston aliyaondoa masomo ya jioni, akaongeza masharti, akawataka vijana wasome kutwa nzima. Mwaka 1931 shule ilitambuliwa na chama cha mawakili wa Marekani. Vijana wenyewe walimwita kwa jina la utani, Viatu vya Chuma. Mara kwa mara aliwaonya ya kuwa daktari akikosea, kosa lake laweza kuzikwa kaburini, lakini kosa la wakili halina pa kuzikwa. Aliwafundisha ya kuwa wakili asiyeitumia sheria kuijenga jamii ni kupe tu, anayenyonya damu yake.

Kati ya vijana hao alikuwamo Thurgood Marshall, aliyesafiri kila siku kwa gari moshi kutoka Baltimore. Ili aingie shule, mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa na za uchumba. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, na wa pili alikuwa rafiki yake Oliver Hill.

Hapa twafika penye swali gumu. Je, ukali kama huo waweza kuitwa ukarimu? Wako waliolalamika zamani zile, na malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Yule mtu maskini, aliyefanya kazi mchana na kusoma usiku, mlango wake ulifungwa. Kijana aliyeshindwa kuyatimiza masharti alirudi kwao mikono mitupu. Mtu mwema, watasema wengi, humwonea huruma mwanafunzi, humwongezea alama mbili tatu, akamwachilia apite.

Sisi twaona kuna huruma mbili. Ya kwanza humwangalia mwanafunzi peke yake, leo tu. Ya pili humwangalia pia yule atakayemtegemea mwanafunzi huyo kesho. Mwaka 1933, huko Virginia, Houston aliongoza mawakili weusi kumtetea George Crawford, mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa kuua. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akaokoka na kifo. Katika kesi za namna hiyo uhai wa mtu wamtegemea wakili wake. Anayempa wakili mvivu cheti kwa kumhurumia, amemnyang'anya mshtakiwa haki yake bila kumwona uso. Hayo ndiyo ya muuguzi, ya fundi wa madaraja, na ya mwalimu wa watoto wetu. Wala hatusemi ya kuwa yule mfanyakazi wa usiku hakupata hasara. Alipata, na haki yatutaka tuikumbuke hasara yake.

Tena si kila ukali ni ukarimu. Wako wakali wapendao kuogopwa, na hao hawana cha kusifiwa. Basi tutawatambuaje? Kwa maisha ya Houston twaona alama tatu.

Ya kwanza, aliyowadai wengine alijidai mwenyewe kabla yao. Mwaka 1934 alizunguka Carolina Kusini akiwa na kamera ya filamu, akipiga picha za shule za watoto weusi, ili ushahidi usiwe wa maneno tu.

Ya pili, hakuwaacha vijana wake mlangoni mwa shule. Mwaka 1935 Marshall, angali wakili mchanga, alishika kesi ya kijana mweusi, Donald Murray, aliyekataliwa na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland kwa sababu ya rangi yake. Ndiyo shule ambayo Marshall mwenyewe, kwa rangi yake, hakuweza kuingia. Mwalimu alikuja Baltimore, akasimama mahakamani pamoja na mwanafunzi wake, wakashinda. Mwaka 1938 Houston alishinda kesi kama hiyo ya Lloyd Gaines wa Missouri, mbele ya mahakama ya juu kabisa.

Ya tatu, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, alijua kuachia. Alikuwa ameongoza kazi ya sheria ya NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Mwaka ule wa 1938 alirudi Washington, na Marshall akashika uongozi. Wangapi kati yetu twaweza kumkabidhi kijana kiti, kisha tukakaa chini tukifurahi akisifiwa? Wengi hufundisha kazi yote isipokuwa siri moja, ili mwanafunzi azidi kuwahitaji. Fundi wa namna hiyo hajafundisha, amejipatia mtumishi.

Alama hiyo ya tatu ilionekana hasa mwishoni mwa maisha yake. Mjini Washington alikuwapo kinyozi, Gardner Bishop, aliyewaongoza wazazi wenzake kudai shule bora za watoto wao. Houston aliishika kesi yao. Kisha moyo wake ukaanza kuugua. Alipoona hataweza kuendelea, hakuing'ang'ania kesi ile kwa ajili ya sifa. Alimwagiza kinyozi aende kwa James Nabrit, mwalimu mwenzake wa Howard. Tarehe 22 Aprili 1950 akafariki, mwenye umri wa miaka 54.

Tarehe 17 Mei 1954 mahakama ya juu kabisa ilitamka ya kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kesi ya wazazi wa Washington iliamuliwa siku ile ile. Jina la Marshall lilienea duniani, na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo. Lakini yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alishuhudia ya kuwa kati ya mawakili wapatao 24 waliopigania kesi zile za shule, ni wawili tu ambao hawakuguswa na mkono wa Houston. Mwalimu alikuwa kaburini mwaka wa nne. Kweli, vyaelea vimeundwa.

Tulisema ya kuwa matunda hayo yalifika Kenya. Mwaka 1960 wajumbe Waafrika wa Kenya walikwenda London, katika mkutano wa Lancaster House, kuzungumza habari za katiba ya nchi yao. Mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall. Aliandika rasimu ya haki za raia, na ndani yake alitaka zilindwe haki za watu wote, hata za jamii zilizo chache, walowezi wa Kizungu wakiwamo. Mwanafunzi aliyefunzwa kuwatetea wanyonge wa nchi yake, alipofika penye wanyonge wanaokaribia kushika nguvu, aliwakumbusha ya kuwa sheria ni ya kila mtu. Je, si hayo ndiyo matunda ya mwalimu asiyekubali kazi nusu?

Hatutaki kumfanya Houston mtu asiye na doa. Alifanya kazi kupita nguvu za mwili wake, na aliacha mtoto wa kiume angali mdogo. Katika kitabu kimoja aliandika ujumbe kwa ajili ya mtoto huyo, aambiwe ya kuwa baba yake hakumkimbia, bali alianguka akipigana ili yeye apate nafasi pana kuliko zake. Maneno hayo yatuhuzunisha, na yafaa yatuhuzunishe. Kila mwenye kuwalea watoto wa wengine na ajiulize ni nani alipaye gharama nyumbani mwake.

Basi, deni la elimu lalipwa namna gani? Halilipwi lote kwa kuwarudishia wazee fedha zao, ingawa mtoto mwema hawasahau. Lalipwa kwa kumchukua kijana mwingine, mtoto wa mtu usiyemjua, ukamfundisha kazi yako yote bila kuficha siri. Ukamkatalia uvivu wake, ukasimama naye siku yake ya kwanza ya hatari, kisha ukamwachia. Kila mwenye kazi mikononi, wakili au mshona nguo, muuguzi au seremala, aweza kufanya hivyo, wala hahitaji kuwa tajiri.

Jioni hii, wasomaji wetu, mtakapokaa pamoja baada ya chakula, mtajeni kila mmoja mtu aliyewafundisha kazi kwa ukali na kwa upendo. Kisha mwulizane swali la pili: ni nani atakayetutaja sisi?