Pigo la Kwanza

Kwetu Pujini, kisiwani Pemba, kuna neno ambalo mfiwa huambiwa kabla hata hajakaa jamvini: piga moyo konde. Nimeambiwa mimi, na nimewaambia wengine. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo subira yenyewe: moyo ufumbike kama ngumi, uwe mgumu, pigo lisipate pa kuingilia. Leo siamini hivyo tena. Na aliyenianzishia safari ya kubadilika hakuwa shekhe. Alikuwa fundi wa magari wa Machomanne, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, na somo lake lilikuwa juu ya gari langu la kwendea kazini.

Gari lenyewe ni Toyota Probox, lililotumika Japani kabla ya kuvuka bahari na kunifikia mimi. Kila asubuhi nalitoa Pujini kwenda Chake Chake ninakosomesha, na viti havibaki vitupu. Atapanda jirani mwenye mtoto wa kliniki, watapanda wanafunzi wawili watatu, na msimu wa karafuu ukifika, gunia moja au mawili yatalala nyuma. Likijaa hivyo lilikuwa linagusa chini kila shimo. Nikachoka. Nikaenda kwa fundi mmoja nikamwambia: nataka gari liwe gumu. Akanifungia springi ngumu nyuma, mbele akaweka spesa za kulinyanyua. Shokapu zikabaki zilezile za zamani.

Siku za mwanzo nilifurahi. Gari lilisimama juu, halikuinama tena. Kisha siku moja, mvua ikiwa imekatika punde, nilikuwa nashuka kwenye kona na watu wanne ndani. Gurudumu la mbele likaingia shimoni. Shimo lilikuwa dogo, la kawaida. Lakini gari lilipotoka humo halikutulia. Liliruka, likatua, likaruka tena, na mimi nakata usukani nalo haliitikii. Tulikwenda kusimama ukingoni, hatua chache kutoka kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa tena, na bibi aliyekuwa akizigeuzageuza amesimama kimya, mkono kifuani. Hakuumia mtu, namshukuru Mola. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nimebeba watoto wa watu.

Kesho yake nilikwenda Machomanne. Yule kijana hakufungua kitu kwanza. Aliweka viganja vyake viwili kwenye pembe ya boneti, akaisukuma chini kwa uzito wake, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena. Akanitazama.

"Maalim, springi inabeba, shokapu inatuliza. Wewe umeongeza wa kubeba, wa kutuliza hukumuongeza."

Akanieleza akiwa amechuchumaa karibu na gurudumu. Springi ikipigwa hujikunja, na ilichokimeza lazima ikirudishe. Ukiiacha peke yake itarudisha, itapokea, itarudisha, na kila ikiwa ngumu zaidi ndivyo inavyorudisha kwa nguvu. Shokapu ni bomba lenye mafuta, na ndani yake pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likitaka kuruka, pistoni huyalazimisha mafuta kupita kwenye vile vitundu, nayo hayapiti ila kwa taabu. Ule mruko unageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu nzima baada ya njia mbaya, utaikuta ya moto. Zangu zilikuwa zimevuja, zimelowa mafuta nje na tupu ndani.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Nilidhani shokapu ni kitu cha starehe, cha kuwafanya abiria wasitikisike. Akasema hapana, kazi yake kubwa ni kulishika tairi lisiache barabara. Kila tairi linagusa chini kwa eneo la kiasi cha kiganja cha mkono tu. Breki na usukani vyote vinafanya kazi kupitia viganja hivyo vinne. Tairi likiwa hewani, hata uwe dereva hodari namna gani, unazungusha usukani wa gari lisilokuwapo.

Alizifunga shokapu mpya kwa jozi, mbele na nyuma, akaziondoa spesa, akarudisha springi za kiasi chake, akanipeleka kupima wili alaimenti. Nilirudi Pujini kwa njia ileile, kwa mashimo yaleyale. Mashimo niliyasikia yote. Lakini kila moja lilikuja mara moja, likaisha.

Ndani ya gari hilo, peke yangu, nilikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha chuoni mara nyingi. Anasimulia Anas bin Malik, na wameipokea Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpita mwanamke analia kaburini, akamuasa amche Mungu na asubiri. Mwanamke, asimjue ni nani, akamjibu: nenda zako, kwani wewe hukufikwa na msiba kama wangu. Alipoambiwa aliyesema naye ni nani, alimwendea nyumbani, asikute mlangoni hata bawabu, akamuomba radhi. Akafundishwa kwamba subira ni ile ya kwenye pigo la kwanza. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni sadma: mgongano, kishindo. Na Kiarabu cha leo huiita shokapu kwa jina lililojengwa na neno hilohilo, maana yake kinyonya vishindo. Nilisimamisha gari kando. Nilikuwa nimeisomesha hadithi hiyo kwa miaka bila ya kujiuliza: mtu apokeaje pigo la kwanza? Kwa ugumu?

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, Pemba nzima ilipigwa pigo moja. Meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikija kwetu kutoka Unguja, ilizama karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakafa. Mtoto wa shangazi yangu alikuwamo. Mimi siku ile nilipiga moyo konde. Sikulia. Nilipokea wageni, nilisimama imara, watu wakanisifu kwa subira. Shangazi yangu alilia mpaka leso yake ikalowa, na wapo waliomnong'oneza apunguze. Lakini ni yeye, huku machozi yakimshuka, aliyetaja maneno ya kurejea kwa Mola, akauliza nani atakwenda kumtambua mwanawe, akaagiza mlango ufunguliwe na maji ya chai yatiwe motoni kwa waliotoka mbali. Magurudumu yake yalikuwa chini.

Yangu hayakuwa. Miezi ile iliyofuata niliruka. Niliwakaripia wanafunzi kwa makosa madogo, niligombana na ndugu kwa shamba la mikarafuu, nilianza kuikimbia hata sala ya jamaa. Kila jambo dogo lilikuwa shimo, na kila shimo lilinirusha. Nilikuwa nimemeza pigo lote siku moja, nikalirudisha kwa watu wasiohusika kwa muda mrefu. Ugumu ule uliosifiwa msibani ulikuwa springi tu.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya subira. Anakumbusha kwamba asili ya neno sabr ni kuzuia, na anataja vinavyozuiwa: nafsi isipaparike, ulimi usilalamike, viungo visipige mashavu wala kuchana nguo. Nimeitazama orodha ile tena na tena. Macho hayamo. Na Mtume mwenyewe alipomshika mwanawe Ibrahim anakata roho, alitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf akashangaa, naye akamwambia kwamba hiyo ni rehema. Sasa nafahamu kwa namna yangu ya dereva: machozi ni lile joto la shokapu. Pigo haliwezi kupotea bila kwenda mahali. Ama litatoka kama joto, polepole, bila ya kumdhuru mtu, ama litatoka kama mruko.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, subira ya namna hii haimfundishi mtu kuridhika na mashimo? Naiogopa sana fikra hiyo, kwa sababu imetumika kuwanyamazisha wengi. Shokapu haisemi kwamba shimo ni zuri. Barabara mbovu idaiwe kutengenezwa, chombo kibovu kizuiwe kusafiri, mwenye kudhulumiwa adai haki yake. Lakini mwenye kudai naye anahitaji magurudumu chini ili aende anakotaka kwenda. Hasira iliyo hewani haina usukani.

Hapa Pujini tuna magofu ya ngome ya karne ya 15, ambayo wazee huinasibisha na Mkama Ndume, mtawala ambaye habari zake zote ni za ugumu: watu waliotumikishwa kubeba mawe, wake wawili waliojengewa kisima chenye ukuta katikati ili wasionane. Nawapeleka wanafunzi huko, nao huvutiwa na kuta. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, na zilikuwa nene. Sehemu kubwa imeanguka, na mizizi imepita ndani yake. Nikiwa pale huwaambia wanangu kwamba wasiusifu moyo kwa kuufananisha na ukuta. Ukuta haujui kupokea pigo na kutulia. Unajua kusimama, au kuvunjika.

Msibani nimeliacha neno lile la konde. Mwaka jana alifiwa yule jirani ninayempakia asubuhi. Nilikaa karibu naye jamvini, nikamshika mkono, nikamwacha alie mpaka pumzi zake zikarudi mahali pake. Kisha nikamuuliza maiti ataoshwa saa ngapi, naye akanijibu kwa sauti iliyotulia, akaanza kupanga. Nawe, ndugu msomaji, ukiitwa msibani fanya hivyo. Usimtake mfiwa awe mgumu. Kaa naye karibu, alie, mpaka miguu yake iguse chini.